Mbuzi wa Hatua ya Tatu

Juu ya duka la mbolea, Mwanjelwa,
tulikuwa wanne, kompyuta mbili,
umeme wa kubahatisha.
Ambakisye ndiye aliyejua miguu:
namna ukwato unavyolipima jiwe
kabla ya kulikanyaga.

Nairobi wakampigia. Mshahara wao wa mwezi
ndiyo kodi yetu ya mwaka.
Nani angemzuia? Mimi mwenyewe nilimbebea begi hadi stendi,
ukungu wa Loleza umetufika magotini.

Tangazo letu lina wiki ya tisa ukutani:
“Anatafutwa mchoraji wa mwendo.”
Amekuja fundi cherehani. Amekuja mpiga picha wa harusi.

Mbuzi aliyemwacha nusu
anachechemea hatua ya tatu.
Watoto wa Soweto wanaotujaribia mchezo
wakimfikia, hupunguza mwendo.

Wanamngoja.