Leja ya Genowefa

Kiwanda cha vifungo kilifungwa Jumanne, mwezi wa Novemba,
theluji ya kwanza ikishuka juu ya Zgierz kama vumbi la chaki.
Vya pembe, vya mfupa, vya plastiki vyenye matundu manne,
vyote vilipakiwa kwenye lori, vikaenda wasikosema.
Shangazi Genowefa, karani wa bohari miaka thelathini na mmoja,
alirudi nyumbani na leja tupu ndani ya koti
na penseli ya bluu iliyotafunwa kisogoni.

Hakuiba. "Iliachwa," alisema.
"Na kilichoachwa lazima mtu akihesabu."

Akasogeza bakuli la supu ya bitiruti,
akauliza, kana kwamba meneja Kuczborski yuko mlangoni:
Sifuri ziko ngapi humu?
Ukurasa mweupe. Hakuna hata moja.
Akaandika: sifuri.

Kanuni ya bohari ni ile ile:
ukifika kwenye rafu tupu, andika, geuka,
anza tena mlangoni.

Sifuri ngapi? Moja, hiyo aliyoiandika sasa hivi.
Moja ngapi? Moja, hiyo iliyokwenda kuhesabu sifuri.
Mbili ngapi? Hakuna. Sifuri. Geuka.

Sifuri ngapi? Mbili.
Moja ngapi? Mbili.
Mbili ngapi? Akacheka peke yake jikoni:
mbili, kwani ndizo hizo zilizotoka kuhesabu wenzao.
Tatu? Rafu tupu.

Halafu: tatu, mbili, nne, moja, moja, sifuri.
Halafu: nne, nne, nne, moja, nne, sifuri,
mstari unaogonga kama treni juu ya daraja.

Mimi nilifika Jumapili na dawa zake za presha.
Leja ilikuwa imefika ukurasa wa arobaini.
Nilidhani akili imemtoka,
nikaanza kutafuta kwa siri namba ya daktari.
"Kaa," akasema. "Wewe unatengeneza vifaa vya masikio,
sikiliza basi."
Akanisomea. Nikasikiliza.
Hapakuwa na kitu ndani ya kitabu kile
isipokuwa kitabu kile.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.
Shangazi hakuwajua wahenga hao, na angebishana nao:
kwenye leja yake asiyekuwepo huandikwa,
na mstari ufuatao
yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Usiku ule niligundua kosa.
Mstari wa tisa: sifuri zilikuwa nane,
moja kwa kila mstari uliotangulia.
Yeye aliandika saba.
Kurasa thelathini na tisa na nusu
zilisimama juu ya saba hiyo,
kama ghorofa juu ya tofali lenye ufa.

Nilitafuta maneno laini. Sikuyapata. Nikamwonyesha.

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka ya meza,
akaivaa, akahesabu kwa kidole.
Nilingoja aombe kifutio.
"Saba ipo?" akauliza.
Ipo, shangazi.
"Imeandikwa?"
Imeandikwa.
"Nilipofika kuhesabu saba, niliihesabu?"
Nikatazama. Alikuwa ameihesabu.
"Basi ipo kwenye stoo," akasema,
akamalizia chai yake iliyopoa.

Sijui kama hiyo ni hisabati.
Rafiki yangu mwalimu wa Poznań alisema si hisabati,
kisha akaniomba nakala.

Nilipoondoka, nilimsaidia kuvaa koti
anisindikize hadi kituo cha tramu.
Miaka thelathini na mmoja katikati ya vifungo,
na koti lake lina vitano, na uzi mweusi
unaoning'inia palipokuwa na cha sita.

"Usikate," akasema, mkono wake juu ya uzi.
"Bado sijafika hapo."