Hapa Sasa Dereva Anageuza Kioo

Kibanda cha Semhando, Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani.
Kiingilio mia tano, feni moja, viti vya plastiki.
Teksi nimeiegesha nje, taa ya juu nimeizima
asije mtu kuniuliza bei ya kwenda Sahare.

Kwenye skrini, dereva wa mji wa theluji.
Abiria husahau vitu garini mwake:
glovu ya mtoto, mwavuli, meno ya bandia ndani ya leso.
Havirudishi. Usiku wa manane huvipanga kiti cha nyuma,
akavifunga mkanda,
akavizungusha mji mzima akivionyesha majengo.

Watu walicheka. Kichaa kabisa huyu, alisema kijana wa mbele,
akatema ganda la karanga.
Mimi sikucheka.
Kwenye droo ya gari langu mna kiatu kimoja cha kike,
cha kushoto,
tangu Mfungo Sita.

Na Semhando, nyuma ya pazia na maikrofoni yake,
ndiye dereva, ndiye mke aliyeondoka,
ndiye polisi, mlevi, mtoto anayelia,
ndiye hata theluji:
"Inaanguka, ndugu watazamaji, kama pamba ya mto uliochanika."
Sauti moja kwa wote, ya kukwaruza, ya tumbaku.
Nikafikiri: kumbe upweke ndio huu.
Si kwamba hakuna anayesema.
Wote wanasema, kwa koo moja.

Nimeziona nyingi, filamu za madereva teksi.
Daima usiku. Daima mvua kwenye kioo.
Dereva hana shangazi, hana deni dukani,
hapigiwi simu kuambiwa harusi ya binamu ni Muheza,
mchango elfu ishirini.
Mimi ninao wote hao. Simu inalia,
nami naitazama inavyotetemeka juu ya dashibodi
kama mende aliyepinduka,
mpaka itulie.

Ilianza wiki iliyofuata, kwenye kipilefti, saa nane usiku:
"Hapa sasa dereva anageuza kioo."
Nikageuza kioo.
"Anaona nyuma hakuna mtu. Lakini haamini, ndugu watazamaji."
Sikuamini.
Akanifuata Chumbageni, akanifuata Raskazone,
akanisimulia nikikojoa nyuma ya stesheni ya reli,
nikifungua mlango wangu Makorora:
"Chumba hiki, kama mnavyokiona, kina mto mmoja."

Kijiweni ningesemaje?
Jamani, ninatafsiriwa?
Wangenitafutia ubani,
au wangecheka, na kicheko chao ningekisikia kwa sauti yake.

Alfajiri ya Jumanne akanisimamisha mtu mwembamba,
kitambaa shingoni. Akanionyesha karatasi:
Bombo. Masikio, pua na koo.
Akafungua mdomo, ikatoka pumzi tu, kama tairi lenye pancha.
Nilimjua kwa kikohozi,
kile kilichokuwa kikikata filamu
pale pale mtu anapokaribia kuuawa.

Gari likawa kimya. Kimya cha kweli,
hata nikasikia bolti ya mlango wa nyuma ikigonga,
imelegea sijui tangu lini.
Nikaanza kusema.
Njia ya Bombo si ndefu, nikaizungusha kwa makusudi,
nikapita bandarini, nikapita bandarini tena.
Nikamwambia kiatu. Nikamwambia simu.
Nikamwambia: mzee, unazungumza kichwani mwangu,
na sijalala.

Hakushangaa.
Alilipa, akakataa chenji,
na kabla ya kushuka akanielekeza kwa kidole,
si mlango wa koo, ule mwingine,
wenye benchi la kijani na foleni fupi.
Kisha akajigusa kifua, mara mbili.

Nimeegesha hapa tangu saa moja. Injini imepoa.
Benchi lina nafasi ya mtu mmoja,
pembeni ya mama mwenye kikapu.
Nasubiri nisikie: hapa sasa dereva anafungua mlango.
Hasemi kitu.
Kwenye kiti cha nyuma amesahau kitambaa chake,
bado kina joto la shingo.