Kiganja

Julai. Nairobi imejivuta blanketi la kijivu hadi kidevuni,
nami ghorofa ya tatu, Chiromo, nimevaa sweta mbili
nikipima joto la sayari nyingine.

Kwa hesabu, Mshtarii iko juu ya paa letu sasa hivi.
Wiki ya tatu sijaiona.
Mawingu yangu yananinyima mawingu yake.

Picha zimetoka mlimani, ng'ambo ya bahari,
kwa darubini ambayo kamera yake hugandishwa kwanza,
maana chombo chenye joto
hujiona chenyewe kabla ya kuona kingine.

"Infraredi," nilimwambia Syokau jioni, langoni,
"ni mwanga usioonwa na jicho."
Hakuinua kichwa. Alipitisha kiganja juu ya jiko,
akayaruka makaa mekundu yenye kujionyesha,
akasimama juu ya kaa moja la kijivu,
akaliweka hindi langu hapo.
"Huu?" akauliza.

Ndio huo.

Katika picha zangu weusi si ubaridi, weusi ni wingu nene.
Penye kung'aa ndipo palipotoboka:
amonia imekauka, angahewa imeachama,
na joto la chini kabisa, lililobaki
tangu sayari ilipofinyangwa, linavuja.
Ile tufani kubwa ambayo vitabu vya shule
huichora nyekundu kama jicho lenye ugonjwa,
hapa ni kifuniko tu. Giza.
Ukingoni mwake, uzi mwembamba wa mwanga,
kama chini ya mlango wa jirani asiyelala.

Na kaskazini ya ikweta, doa.
Dogo. Dkt. Ogeto alisema ni pikseli mbovu.
Nilimwamini siku tisa.

Saa nne usiku stima ikapotea,
jenereta ikakohoa, ikakataa.
Betri asilimia thelathini na moja.
Nikapunguza mwanga wa skrini, nikafungua picha ya pili,
ya baada ya saa kumi kasoro, ndiyo siku nzima huko.
Sayari imezunguka. Doa limerudi,
lakini si pale pale: digrii tatu mashariki.

Nikapima tena. Tatu.
Pikseli mbovu haihami.
Hili linabebwa na upepo.

Nikaketi gizani na dirisha katika mawingu
ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa akichungulia,
kisha betri nayo ikaniaga.

Nikashuka ngazi kwa kupapasa. Barabara nzima giza,
bawabu amejikunja ndani ya koti lake.
Syokau alishafunga, kaenda na jiko lake,
yamebaki maganda na kipande cha ndimu.

Nikainama kama niliyeangusha ufunguo,
nikaweka kiganja pale jiko lilipokuwa.

Bado.