Mjumbe wa Pili

Mchana nakata maini. Ndiyo kazi yangu:
maini ya panya, vipande vyembamba kama karatasi ya sigara,
katika maabara ya chini ya ardhi, Tartu,
dirisha likiwa usawa wa theluji na viatu vya wapita njia.
Nasaga, nachuja, naweka barafuni, naandika namba.
Langu halikuwahi kukatwa
hadi usiku wa Jumanne, saa tisa kasorobo,
Leelo alipoitwa asiitike.

Alishinda mtoni, juu ya maji yaliyoganda,
akiteleza na wenzake mpaka taa zikawashwa.
Chakula alikula nusu. Insulini alichomwa nzima.
Hesabu ndogo, na mimi ninayelipwa kuhesabu
sikuihesabu.

Jasho shingoni. Meno yamekazana.
Aime akashika tochi, nami nikafungua kikasha cha rangi ya chungwa
kilichokaa nyuma ya siagi miaka miwili
tukiomba muda wake uishe bure.
Unga, maji, tikisa, vuta, paja.

Kisha hakuna la kufanya.
Nami nilijua mno kinachongojwa.

Glukagoni haiingii ndani, Aime.
Inasafiri na damu, inafika kwenye ukuta wa seli,
inabisha hodi, inabaki barazani.
Anayekimbia ndani ni mwingine,
molekuli ndogo iliyojikunja ikauma mkia wake.
Huyo huamsha mmoja, mmoja huamsha kumi,
kumi huamsha elfu, wakipokezana cheche ya fosfeti,
hadi wenye mikasi wafike ghalani
waikate glikojeni punje kwa punje,
sukari imwagike mshipani.

"Na ghala likiwa tupu?"

Sikumjibu. Nilikuwa nikiona barafu,
vyuma vya viatu vyake, saa nne za kuteleza.

Wahenga walisema mjumbe hauawi.
Humo ndani huuawa. Kuna kimeng'enya chenye kazi hiyo tu,
kumfumua mjumbe mara anapokwisha kusema,
maana ujumbe usiokoma nao ni ugonjwa.
Nalijua hilo; nimelifundisha kwa wanafunzi, kwa chaki.
Bado nilikaa sakafuni
nikimwombea mjumbe nisiyemwona
dakika moja zaidi:
mwacheni, mwacheni aseme tena.

Dakika ya kumi na mbili alitapika kwenye mkono wa fulana yangu.
Akafungua jicho moja. Akasema ana kiu,
na kwamba nanuka.
Mita ya sukari: nne nukta moja.
Aime alicheka, kisha akaenda chooni akafunga mlango.

Asubuhi nilichelewa kazini.
Kipande cha kwanza kilitoka kinene, kimepinda,
bado kina joto kidogo.
Sikukitupa.
Nilikirundikia barafu polepole, pande zote,
kama mtu anayemfunika aliyelala.