Mabango kwa Dragica

Kanberra, Oktoba, na baridi haijaaga.
Wagombea wa bunge la mji wamebisha hodi,
wa bunge la nchi nao hawakukawia,
kila mmoja na bango kwapani.
Dragica, mjane wa Evatt, hakumnyima mtu:
“Chomeka hapo, mwanangu, karibu na nyanya.”
Wakaenda zao wakijihesabia kura.

Usiku akatoka na tochi,
akayang’oa yote, akayaegemeza paji kwa paji
juu ya miche.

Asubuhi umande umeganda mtaa mzima,
nyasi zinavunjika chini ya kandambili.
Ndani ya vibanda vya tabasamu
nyanya zi hai.

Isipokuwa mwisho kabisa: bango moja
lilianguka kifudifudi,
mche wake umeungua.

Dragica akaliinua,
akavaa miwani,
akalisoma jina mara mbili.