Nakala Tatu

Nilimpigia taipu Orrin Skaarland miaka thelathini na mmoja
katika chumba kilicho juu ya duka la misumari, mjini Brandvold,
Dakota ya Kaskazini, ambako upepo hauna wa kuuzuia
tangu Kanada mpaka kwenye tundu la kitasa chetu.
Ngazi zilikuwa kumi na saba. Ya tisa ililia.
Kwa mlio wake nilijua anayepanda ameletwa na nini:
wa talaka hukanyaga polepole,
wa mpaka wa shamba huruka mbili mbili.

Hakuwa msemaji. Mahakamani
alikohoa kwanza, akafuta miwani kwa ncha ya tai,
akauliza swali moja, dogo kama punje ya ngano,
kisha akanyamaza mpaka kimya chenyewe kikatoa ushahidi.
Kampuni ya reli ilileta mawakili watatu na sanduku la ramani.
Yeye alileta daftari la bibi Gudrun Ostby,
aliyeandika kila masika, tangu mwaka wa harusi yake,
maji yalifika wapi kwenye ukuta wa ghala.
Tulishinda kalavati. Upana futi sita. Liko pale hata leo.

Dawa ya deni ni kulipa,
lakini sikuruhusiwa kumnywesha mtu dawa hiyo.
"Mpe mpaka mavuno," alisema,
na hakusema mavuno ya mwaka gani.
Tulilipwa viazi, pai za tufaha, nusu ya kulungu,
mara moja saa ya ukutani isiyokwenda.
Nikamwambia: mimi sili saa.
Ijumaa ile nikapata mshahara wangu wote,
na bunduki ya baba yake haikuwapo tena juu ya mlango.
Sikusema asante. Bado sijui kama nilipaswa.

Jumatatu ya kwanza, bodi ya shule. Ya pili, maji.
Ya tatu, zimamoto. Ya nne, makaburi.
Mwezi ukijaliwa Jumatatu ya tano
Vesla mkewe alivaa gauni la buluu, wakala wawili.
Nilihesabu: nne kwa mwaka,
tano mwaka ukiwa mkarimu.
Vesla alikufa mwezi Machi. Ulikuwa na Jumatatu nne.

Halafu shule ikafungwa. Benki. Duka la chini yetu,
likatuachia harufu ya grisi. Tukabaki watu hamsini na wanane.
Novemba akaniletea karatasi, mwandiko umelala
kama shayiri iliyopigwa na mvua:
ombi la kuvunjwa kwa mji.
Nikamwambia mashine imeharibika.
Akangoja. Nimeshasema alivyojua kungoja.
Nikapiga. Nakala tatu: ya kaunti, ya jimbo,
ya tatu hakuniambia ya nani.

Ukumbini alisoma kifungu kwa kifungu.
Pampu iende kaunti. Taa za barabarani zizimwe.
Madeni, hakuna. Salio, dola mia nne na kumi na mbili,
zinunue mbegu za nyasi za makaburini.
Mkono wa kwanza kukubali ulikuwa wake.
Ulitetemeka, na watu wakasema uzee.
Mimi nilikuwa nimeketi nyuma yake.

Tarehe ilipofika, theluji ilianguka usiku kucha.
Asubuhi nikamwona, mzee wa miaka themanini na mmoja,
anafukua kwa koleo bomba la zimamoto la pale kona,
mali ya mji ambao tangu saa sita usiku haukuwapo.
Nikafungua dirisha: "Orrin! Huna mamlaka!"
Hakuinua kichwa.
"Moto hausomi hati."

Nakala ya tatu ninayo mimi. Niliikuta
chini ya mashine, wiki ya mazishi yake.
Siku ile vidole vyangu viliruka herufi moja, j,
na juu kabisa, kwa herufi kubwa, paliandikwa
OMBI LA KUVUNWA KWA MJI.
Katika zile mbili alisahihisha kwa wino.
Katika hii alilizungushia neno penseli,
akaliacha.