Mstari Wako

Duka langu la steshenari, Masasi, njia ya kwenda Newala,
lina mashine moja ya fotokopi inayokohoa,
kompyuta mbili, moja mgonjwa,
na kaunta buku la kwaya tatu
lenye jalada jekundu, kona zimeguguwa na panya.

Humo mmelala, nyote.

"Nifungulie imeili, dada, naomba kazi."
"Nijazie fomu ya mkopo wa chuo."
"Nywila andika wewe. Mimi nitasahau."
Nami nikaandika: jina, tarehe ya kuzaliwa,
jina la mama, Biti Nampunju,
nywila: korosho2019.
Nusu yenu mnaitwa korosho.
Wengine mliweka mtoto. Mmoja aliweka mume,
akarudi baada ya mwaka, akataka tubadilishe.
Sikuuliza. Nilimkata mume kwa kalamu nyekundu,
juu yake nikaandika jina la mama.

Nilidhani nawatunzia.

Kisha kompyuta ikajaa, ikagoma.
Fundi Chikoti akafungua folda nisiyoijua,
zikamwagika: vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa,
talaka mbili,
nyuso zenu mbele ya ukuta wangu wa bluu,
na majibu ya kipimo kutoka Mkomaindo
ambayo mwenyewe, najua, hajamwambia mkewe.
"Nifute?" fundi akauliza.
Sikumjibu.
Nilikuwa nasoma.

Novemba. Mnada umeahirishwa,
mji mzima unanuka mabibo yaliyochacha.
Simu ikalia, namba ngeni, meseji ya herufi kubwa:
DASTANI MKWINDA AMEKIMBIA DENI.
WEWE NI MTU WAKE WA KARIBU. MWAMBIE ALIPE LEO.

Mtu wake wa karibu!
Nilimtolea kopi ya kitambulisho, mara moja, mwaka juzi.
Akaihifadhi namba yangu: Dada Steshenari.
Alikopa elfu arobaini ya dawa ya mikorosho,
akabonyeza Nakubali,
na kwa kidole hicho kimoja akawakabidhi
mjomba, mchungaji, mwalimu wa mwanawe,
mama mkwe wa zamani, muuza vocha,
na mimi.
Sikuulizwa. Nilikuwa mfukoni mwake.

Jioni alisimama mlangoni, kofia mkononi, hakuingia.
"Na wewe umeipata?"
"Nimepata nini?" nikasema.
Akanitazama kidogo,
akanishukuru kwa uongo huo,
akaenda.

Usiku nikajihesabu mwenyewe.
Simu yangu inajua kwamba saa tisa niko macho.
Inajua nilipouliza kuhusu uvimbe,
mara tatu, kwa herufi zilizokosewa,
na inajua usiku nilioacha kuuliza.
Inajua jina nililoliandika nikalifuta
kabla sijabonyeza tuma;
sina hakika, lakini nahisi inajua.
Nani ana kaunta buku langu?
Duka lake liko njia ya kwenda wapi?
Naye, akinisoma, huacha chai ipoe?

Kwetu mvua moja huosha njia,
alama za mbuzi, za baiskeli, za mwizi wa kuku,
asubuhi mchanga hauna kesi na mtu.
Haya mengine hayajui masika.

Jumatatu nikabandika karatasi dirishani:
NJOO UCHUKUE MSTARI WAKO.
Nikanunua wembe.
Siku mbili hakuna aliyekuja,
ila mmoja aliyedhani nagawa mistari ya kuchorea.

Wa kwanza alikuwa Zaituna wa Chiwata.
"Kuna gharama?"
"Hakuna."
Nikaukata taratibu, nisiwajeruhi wa juu na wa chini yake.
Akaukunja mara nne, akautia kwenye sidiria, penye fedha.
Nikaona kama deni limepungua.

Alipofika mlangoni akageuka.
"Na kichwani mwako, dada,
umeshanifuta?"